Taa za Njano za Baba Hadija

Honi ndiyo niliyoisikia kwanza. Mbili fupi, moja ndefu, kutoka upande ambako barabara ya Masasi inapanda kuingia Newala, na hapakuwa na kitu cha kuonekana: si barabara, si mkorosho wa jirani, si hata ndoo niliyokuwa nimeiweka mwenyewe mbele ya mlango. Ulikuwa ule ukungu wa miezi ya baridi, unaotoka bondeni na kukaa juu ya uwanda kana kwamba umelipiwa chumba. Nilikuwa nimesimama barazani kwa Mama Hadija na kikombe cha chai ya mchaichai, asubuhi iliyofuata arobaini ya mume wake, na mwili wangu uligeuka wenyewe kuelekea ile honi kama mtu aliyeitwa kwa jina. Nikangoja njano. Zikatokea taa nyeupe, nyeupe kali ya siku hizi, likapita gari la kijana nisiyemjua, ukungu ukajifunga nyuma yake.

"Ulidhani nani?" Mama Hadija aliniuliza kutoka ndani.

"Unajua niliyemdhania, mama."

"Honi yake sasa ni ya kila mtu. Na taa zote ni nyeupe. Hujui nani ni nani mpaka akupigie simu." Akatoka na sahani ya ming'oko iliyochemshwa, akaiweka kwenye kigoda, na pembeni ya sahani akaweka kopo la maziwa ya unga ambalo nililikumbuka kwa kutu yake. Ndani mlikuwa na balbu mbili ndogo za gari, za kijani. "Zile zako," alisema, ingawa hazikuwahi kuwa zangu. "Mwenyewe hakutaka zitupwe."

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, na nilijitolea kufundisha katika shule moja ya msingi chini ya mlima, kwenye njia ya kwenda Masasi. Chumba nilipata kwa Baba Hadija. Hadija mwenyewe alikuwa ameolewa Mtwara. Alichoacha ni jina walilokuwa wakiitwa wazazi wake, na kitanda chenye chaga zilizolegea ambacho sasa kilikuwa changu. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati juu, bila dari, na kuta za ndani ziliishia chini ya bati, hivyo maneno yaliyosemwa chumba kimoja yalipanda juu yakashukia kingine. Nilijua chumvi imeisha kabla sijatumwa dukani. Nilijua jina la kila mtu aliyemuudhi Mama Hadija sokoni. Wenyewe waligombana kwa Chimakonde, wakapatana kwa Kiswahili, kwa hiyo mimi, mgeni wa lugha ile, nilijifunza kwanza maneno yake ya ugomvi. Hata leo nikisikia Chimakonde kikisemwa kwa upole huwa nahisi kuna kitu sijakielewa.

Baba Hadija alikuwa dereva wa mchomoko, ndivyo tulivyoyaita magari madogo ya watu binafsi yaliyobeba abiria kati ya Newala na Masasi kabla barabara haijatiwa lami. Lake lilikuwa jeupe, refu kwa nyuma, na mlango wake wa nyuma wa kushoto haukufungika kwa ndani. Ungeuvuta mpaka uchoke. Ulitaka mtu wa nje, aliyeujua, aukaze kwa nyonga kwa pigo moja. Kila alipopakia, Baba Hadija alishuka kwenye usukani, akazunguka, akausukuma, ta! ndipo safari ikaanza. Hakumruhusu mtu mwingine aufunge. "Mtauvunja," alisema, na abiria walikaa wametulia wakingoja kufungiwa kama watoto wanaofungwa vifungo vya shati.

Lazima niseme kuhusu rangi, kwa sababu vijana wa Newala wa sasa nikiwasimulia hunitazama kama ninatunga. Katika miezi ya ukungu magari yaliondoka mapema, na watu walitokea kwenye vijia vya mashambani wakasimama kando ya barabara bila kuona hata vidole vya miguu yao. Gari lilisikika likija, lakini la nani? Kuna dereva aliyekwenda mbio, kuna dereva aliyekataa mizigo, kuna dereva uliyegombana na dada yake. Basi kila mmoja alifunga balbu za rangi yake kwenye zile taa za chini ya bampa, taa za ukungu, ambazo wenyewe waliziita fogi. Hakuna aliyeligawa jambo hilo kwenye mkutano, liligawanyika lenyewe. Swalehe, aliyekuwa kijana na mwenye maneno mengi, alikuwa na bluu. Dereva mmoja wa Chilangala alikuwa na jicho moja jeupe na jingine la njano, kwa sababu moja iliungua akaweka aliyoipata, na watu walipoizoea akaogopa kubadilisha. Baba Hadija alikuwa njano, njano nzito ya salfa inayopulizwa kwenye mikorosho, na stendi hakuitwa Baba Hadija. Aliitwa Njano. Wanawake waliochelewa sokoni waliuliza, "Njano keshapita?" kama watu wanaouliza kama jua limeshatua.

Na kijani ilikuwa ya maiti. Pick-up ya mzee mmoja, iliyokodiwa kurudisha marehemu kutoka hospitali, ndiyo pekee iliyokuwa na fogi za kijani. Aliyeiona ikija alitua mzigo wake, akachuchumaa kando ya barabara. Mwanamke alivuta kanga kichwani, mwanamume alivua kofia. Hawakusimama mpaka imepita. Wenyeji walijua hili kama wanavyojua kuvua viatu msikitini. Mimi niliiona pick-up ile mchana tu, taa zimezimwa, na hakuna aliyekumbuka kuniambia.

Mwaka ule Baba Hadija alianza kuzichukia taa zake. Alisema balbu zimechoka. Akanunua za njano zenye nguvu zaidi, zikayeyusha soketi, nyumba nzima ikanuka plastiki maana alizijaribu uani huku tunakula. Akaleta nyeupe kutoka Masasi, kwenye lile duka la spea lililo chini ya majabali, na asubuhi yake ukungu ukageuka ukuta uliopakwa chokaa: mwanga ulikwenda hatua chache, ukagonga, ukaturudia usoni. Kibaya zaidi watu wake hawakumjua. Walibaki wamekunja mikono wakingoja njano huku njano mwenyewe akiwapita. Stendi Swalehe alimpokea kwa kicheko.

"Njano! Umeweka taa za harusi? Bibi harusi yuko wapi?"

"Nyamaza, Bluu. Wewe fogi zako zinawaka kama kibanda cha kunyolea."

"Kibanda cha kunyolea kinapata wateja, mzee wangu."

Wote walicheka, na Baba Hadija alicheka kuliko wote, lakini jioni niliiona bisibisi mkononi mwake ikitafuta skrubu kwa ncha, ikigonga bampa huku na huku kama kuku anayedonoa penye giza. Jua lilikuwa bado halijazama.

Siku chache baadaye Mama Hadija aliniita jikoni. Jiko lilikuwa kibanda cha nje, na alikuwa akimenya ming'oko, ile mizizi myembamba ya porini ambayo ukiila lazima uifikirie. Hakunitazama.

"Mwalimu, kesho ukae mbele."

"Mbele si pa Bi Somoe?" Bi Somoe alikuwa mama wa makamo aliyeuza samaki wakavu Masasi, na kiti cha mbele kilikuwa chake kwa haki isiyoandikwa.

"Nimemwambia Bi Somoe magoti yake yanamuuma akikaa mbele."

"Yanamuuma?"

"Yatamuuma." Akatupa ganda. "Baba Hadija haoni. Mchana anaona, kiasi. Kwenye ukungu haoni. Nimemwambia, ananijibu ni balbu. Nikimwambia tena anakwenda kununua balbu nyingine. Sasa wewe kaa mbele umsemeshe."

"Nimsemeshe nini, mama?"

"Unachokiona. Si unafundisha Kiswahili? Kila kitu kilicho mbele yenu ukitaje kabla hamjakifikia. Lakini usimwambie kama unamwambia. Piga soga."

Wako wanaoniuliza kama sikuogopa. Niliogopa. Lakini alikuwa mtu mzima ananiomba, na mimi nilikuwa katika umri ambao mtu akikuomba kitu kigumu kwa sauti ya chini unajiona umepewa cheo. Asubuhi nilimwamkia Baba Hadija shikamoo, akaitikia marahaba, Bi Somoe akakaa nyuma akisugua magoti yake mazima kwa manung'uniko, mlango ukafungwa kwa nyonga, tukaingia kwenye ukungu.

"Leo wameanza mapema kupuliza salfa," nilisema. "Naona mtu na mashine mgongoni, pale kwenye mkorosho ulioinama."

"Kushoto?"

"Kushoto. Na baiskeli yake kailaza barabarani kabisa. Watu wengine, jamani."

Gari likasogea kulia taratibu. Nikaendelea. Nikataja mbuzi wawili na kumsifia yule mweupe, nikashangaa shimo lililoongezeka tangu jana, nikauliza kama yule mama mwenye beseni ni ndugu yake na mwenye duka. Baba Hadija alijibu kila swali kwa heshima, na kila swali usukani ulilijibu kabla yake.

"Huyu mwalimu," Bi Somoe alisema nyuma, "anaongea kama redio ya mpira."

Hivyo ndivyo tulivyoteremka ule mlima msimu mzima. Mwanzoni nilisema mengi mno. Nikieleza sana uzuri wa ukungu tulikuwa tumeshalifikia shimo. Nikajifunza kutanguliza jina la kitu na upande wake, halafu sifa kama kuna nafasi. Mbuzi, kulia, wawili. Mtoto, kushoto, ana dumu. Nimeandika vitabu tangu wakati huo na nimekaa kwenye vikao vingi vya watu wanaojadili mtindo, na bado nikikwama kwenye sentensi huwa najiuliza swali lile lile la kiti cha mbele: kuna nini barabarani? Mchana nikisimama mbele ya darasa la tano niliwauliza watoto wanaona nini dirishani, na walipojibu "miti" niliwaambia hapana, mti gani, uko wapi, nani yuko chini yake. Walinidhania mkali. Baba Hadija hakusema kamwe kwamba anajua ninachokifanya. Lakini kuna asubuhi niliamka nimepoteza sauti kwa mafua, akaniangalia, akaangalia ukungu, akasema gari lina tatizo la plagi na siku hiyo halitoki.

Kisha akaja na balbu mpya. Alikwenda Masasi na abiria wa mchana, akarudi amefurahi kama mtu aliyeoa. Mama Hadija alikuwa amekwenda Lupaso kumuuguza dada yake, kwa hiyo nilipika mimi, ugali wa muhogo na kisamvu, na wakati mimi nikikoroga yeye alikuwa amelala chini ya bampa akizifunga. Alisema safari hii amepata njano ya kweli, njano ya nguvu, ambayo hata ukungu wenyewe utaomba njia. Hakuziwasha ili betri isichoke.

Asubuhi tuliondoka stendi fogi zimezimwa, kama kawaida, maana pale palikuwa na taa za maduka. Tulipoziacha nyumba za mwisho akabonyeza swichi. Ukungu mbele yetu ukawa kijani. Ulikuwa mzuri, siwezi kusema vinginevyo. Ulikuwa kama kuingia ndani ya jani. Nilidhani ndizo alizozitaka. Nikasema, "Zinapendeza, Baba Hadija," naye akatabasamu akapiga usukani kofi dogo.

Nyuma mwanga haukufika vizuri, lakini Bi Somoe alinyoosha shingo. "Mbona ukungu wa leo kama maji ya kisamvu?"

Abiria wakacheka. Baba Hadija akacheka pia, bila kuelewa, kama mtu anavyocheka kwenye msiba wa watani.

"Watu kulia," nilisema. "Wengi. Wamechuchumaa."

"Wamechoka kusubiri," alisema. Akapiga honi yake, mbili fupi, moja ndefu, akatoa kichwa dirishani. "Masasi! Nafasi ya mmoja mwembamba!"

Hakuna aliyeinuka. Niliwaona walivyotugeukia: wanawake wamevuta kanga mpaka kwenye nyusi, mwanamume mmoja kofia iko mkononi, na nyuso zao zina mshangao ambao sikuwahi kuuona barabarani. Baba Hadija akapiga tena honi, kwa madaha. "Mmenuna?" aliwauliza, tukapita. Nyuma yangu kicheko kilikuwa kimekwisha. Nilisikia mtu akinong'ona kwa Chimakonde, lakini sikugeuka kwa sababu kulikuwa na watu wengine mbele.

"Kushoto. Watu watatu. Nao wamechuchumaa. Mama mmoja ametua beseni."

"Hawa tutawachukua." Akasimamisha gari karibu nao kwa ustadi wake wote. Yule mama hakuinuka. Mwanamume aliyekuwa naye, mtu mzima, aliinuka polepole kofia ikiwa kifuani, akaja mpaka dirishani. Hakumtambua dereva kwanza. Alisema kwa sauti ya chini:

"Poleni sana. Ni nani?"

"Nani nani?" Baba Hadija aliuliza.

"Mliyembeba."

"Nimebeba Bi Somoe na samaki wake. Kuna nini, mzee mwenzangu?"

Yule mtu akainama akatazama ndani, akaona watu wazima wazima wamebanana na vikapu. Akarudi hatua moja, akatazama mbele ya gari. "Njano?" alisema. "Ni wewe? Mbona umewasha kijani?"

"Kijani wapi? Hizi njano."

Ilikuwa kazi ya mtu fulani kumjibu, na kila mtu ndani ya gari alingoja iwe ya mwenzake. Injini ilikuwa inanguruma peke yake. Mahali fulani kwenye mikorosho mashine ya salfa ilikohoa, ikawaka, ikaendelea.

Baba Hadija alishuka. Alizunguka mbele akiwa ameshika boneti, akachuchumaa mbele ya gari lake mwenyewe, sawasawa na wale watu kando ya barabara, akaweka kiganja mbele ya taa. Alikitazama. Akakisogeza karibu na macho, akakirudisha kwenye mwanga. Kisha akaniita, bila kupaza sauti, na nikashuka.

"Mwalimu. Mkono wangu una rangi gani?"

"Kijani, baba."

"Kijani kama nini?"

Nilitamani kumwambia kama jani. "Kama za ile pick-up, nadhani," nilisema, kwa sababu tangu lile swali la "mliyembeba" nilikuwa nimeshaelewa.

Aliendelea kuutazama mkono wake muda mrefu. Halafu akainuka, akamwomba yule mzee radhi, akamwomba radhi na yule mama mwenye beseni, aliyekuwa bado amevuta kanga kana kwamba kweli kuna maiti. Akaegesha gari pembeni, akazima taa, akafungua mlango wa nyuma. "Shukeni, jamani," aliwaambia abiria wake. "Bluu anakuja nyuma, atawachukua. Mimi leo sifiki." Bi Somoe alishuka wa mwisho. Alikuwa na ulimi kwa kila mtu, na nilimwona akiutafuta. Akasema tu, "Baba Hadija, magoti yangu hayajawahi kuniuma. Nilijua," akakipandisha kikapu chake kichwani.

Swalehe alipofika na ule mwanga wake wa bluu, alifungua kinywa, akaona watu wamesimama, akakifunga. Aliwabananisha wote kwenye gari lake, nikaenda nao shuleni, na jua lilipofukuza ukungu alirudi kwa pikipiki ya mtu akaliendesha gari la Baba Hadija mpaka nyumbani, mwenyewe akiwa kando yake. Alivyonisimulia baadaye, hawakusema neno njia nzima isipokuwa Baba Hadija kumwambia kwamba klachi yake inashikia juu.

Mama Hadija alirudi kutoka Lupaso mchana huo huo. Habari ilimfikia kabla ya kushuka kwenye gari. Niliporudi shuleni walikuwa chumbani kwao, na chakula changu kilikuwa kimefunikwa kwa sahani nyingine mezani: wali, mbaazi, kipande cha samaki. Nilikula polepole. Maneno yalipita juu ya ukuta kama kawaida, na jambo lililonishtua ni kwamba yalikuwa ya Kiswahili tangu mwanzo.

"Duka zima la balbu," alisema Mama Hadija. "Hukumwuliza mwenye duka?"

"Nimwulize nini?"

"Rangi."

"Mimi nimwulize mtu njano ni ipi? Mimi?"

Kitanda kililia, mmoja wao alikuwa ameketi.

"Alinifungulia boksi nikachagua mwenyewe," alisema Baba Hadija. "Mama Hadija, nakwambia niliiona njano. Nyeupe kwangu ni njano. Bati ni njano. Wewe mwenyewe hapo ulipo una njano."

"Ni mtoto wa jicho. Si nilikwambia? Mama yake Bi Somoe alipasuliwa kule hospitali ya chini ya mlima, leo anachambua mchele."

"Na likifa likipasuliwa?"

"Sasa hivi linaishi?"

Nikasikia anacheka kidogo, kicheko cha pua. Halafu sauti yake ikashuka mpaka ikabidi niache kutafuna. "Nikiondoka hapa nimekaa kiti cha nyuma, stendi nzima itajua."

"Wameshajua, baba. Toka asubuhi wanajua. Anayejifanya hajui ni wewe tu."

Nilingoja mpaka mbaazi zikapoa. Niliamini wakati ule kwamba kinachoamuliwa ng'ambo ya ukuta ni safari ya hospitali. Sasa, nikiwa na umri unaokaribia wa Mama Hadija wa siku zile, naona Baba Hadija alikuwa anaombwa aache jina lake kando ya barabara na kuondoka bila hakika ya kulikuta. Barabarani hakuna aliyemjua kama mtu mwenye macho ya namna gani. Walimjua kama rangi.

Alitoka uani jua likiwa bado juu, na kopo la maziwa ya unga mkononi. Alilala chini ya bampa, akazing'oa zile za kijani kwa kupapasa, kisha akanyoosha mkono kutoka chini ya gari bila kunitazama, balbu kwenye vidole.

"Mwalimu. Hii?"

"Njano."

Vidole vikarudi ndani. Vikatoka tena. "Na hii?"

"Nyeupe."

"Hii?"

"Njano, baba."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza waziwazi, na aliuliza kwa sauti ya kawaida, sauti ya fundi anayeomba spana. Zile za zamani zilikuwa zimefifia, ni kweli, lakini alizifunga kwa makini na kuzipangusa kwa pindo la shati. Ndani ya lile kopo zilibaki zile za kijani, na ndani ya kopo hilo zimeendelea kukaa mpaka asubuhi niliyoisimulia mwanzo.

Jicho la kulia lilipona kabisa, la kushoto nusu. Aliendesha tena kwa miaka mingi, na abiria wake wakaizoea tena honi yake. Hadija aliniambia kwenye arobaini kwamba mpaka alipostaafu alikuwa bado akishika balbu mpya na kumwuliza yeyote aliye karibu, hata mtoto, "Hii?" ingawa alikuwa akiiona mwenyewe. Lakini wakati huo hatukuyajua haya. Kilichojulikana asubuhi ile ya kumpeleka hospitali ni ukungu tu, mzito kuliko wote wa mwaka, na Swalehe amesimama uani bila utani hata mmoja, akifuta mikono yake mikavu kwenye suruali.

Baba Hadija alitoka amevaa shati lake la sikukuu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, akaweka mkono kwenye kitasa, akasimama hivyo. Hatukumharakisha. Kisha akachomoa funguo mfukoni akampa Swalehe.

"Usiguse balbu," alimwambia.

"Sigusi, mzee."

"Na ukifika kwa watu upige honi yangu. Si ile yako ya kibanda cha kunyolea."

"Nitapiga yako, Baba Hadija." Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwita jina hilo.

Alizunguka gari kwa kuligusa, taa, boneti, kioo, akafika mlango wa nyuma wa kushoto, akaingia akaketi na kifurushi chake magotini. Mimi nilikaa mbele. Swalehe aliwasha fogi, na uani pakawa njano, ukuta, ndoo, miguu ya Mama Hadija. "Njano," nilisema, ingawa hakuna aliyeniuliza, na nyuma yangu nikasikia pumzi ikishushwa. Baba Hadija aliuvuta ule mlango kwa ndani, mara moja, kwa mazoea ya abiria yeyote. Haukushika. Hakuuvuta tena, yeye aliujua kuliko sisi sote. Mama Hadija akaweka chini chupa ya chai, akakaza kanga kiunoni, akausukuma kwa nyonga, pigo moja, ta, ukafunga.